Motokaa ya Zamani na Matope ya Masika

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Eldoret



Kamati imenitaka nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wenu mmelileta ofisini: jinsi mfanya kazi anavyoweza kuitengeneza upya motokaa yake ya zamani, nyumbani kwake, ili impitishe salama katika miezi ya mvua na baridi. Nitasema mambo ambayo fundi wa uani anayajua, tena kwa utaratibu, ili kila mmoja apate la kwenda nalo nyumbani.

Kwanza yafaa tuelewane kwa nini chama kijishughulishe na motokaa. Wako watakaosema kwamba kazi ya chama ni mishahara na saa za kazi. Ni kweli. Lakini mwenzetu anayetoka zamu usiku wa manane akakuta hakuna matatu, afike vipi nyumbani? Wengi wetu tumenunua gari kuukuu kwa mkopo wa chama cha akiba. Gari hilo likikwama alfajiri, siku ya kazi imepotea na deni liko palepale. Likikosa breki kwenye mteremko, familia imepotea. Tena sheria yetu hairuhusu gari kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8 tangu kuundwa, na hayo yanayoingia bei yake si ya mkono wetu. Basi gari la mfanya kazi ni lile lililokwisha kuwamo nchini, lililopita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla yake. Hilo ndilo gari letu, na hilo ndilo tutakalolisema.

MAJIRA YETU

Wenzetu wa Ulaya na Marekani hutengeneza magari yao kwa ajili ya theluji. Sisi hatuna theluji, lakini tuna mambo yetu. Mji wetu huu, ambao wazee bado wanauita Sisibo kwa sababu ya shamba namba 64, uko kwenye kimo cha mita 2,100 hivi juu ya bahari. Mvua huanza mwishoni mwa Machi, na hazituachi sawasawa mpaka Septemba. Julai na Agosti, wakati nchi nyingine ni kavu, sisi bado tuko matopeni, na asubuhi ni baridi. Ukielekea Nakuru unapanda mpaka Timboroa, ambako kituo cha reli kiko zaidi ya mita 2,700 juu, na ukungu unaweza kukuficha hata boneti ya gari lako. Ukielekea Iten na kushuka Tambach kwenda bonde la Kerio, unateremka zaidi ya mita 1,000 kwa mwendo mfupi. Na wale wanaokaa nje ya lami wanaujua udongo mweusi wa mabondeni, unavyoshika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko.

Matope haya si mageni. Mwaka 1908 Makaburu walipopanda kutoka Nakuru na magari yao ya ng'ombe kuja kwenye uwanda huu, yalikwama njiani katika matope na misitu. Basi asijione mtu kuwa mjinga kwa kukwama. Ujinga ni kuingia masika bila kujitayarisha.

FUNZO LA SAFARI RALLY

Wengi wetu tunayajua mashindano ya Safari. Yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, yaani katika mvua. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vilevile. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mara zote mbili gari lao lilikuwa Peugeot 404, gari la kawaida ambalo hata mwalimu au mfanya biashara aliliendesha.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1965. Mwaka huo alishinda Joginder Singh pamoja na ndugu yake Jaswant. Joginder alizaliwa Kericho, akajifunza ufundi katika gereji ya baba yake. Gari lake lilikuwa Volvo PV544, tena halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kupigwa na njia za Safari ya mwaka 1964, likaachwa hapa Kenya. Yeye alilichukua, akalitengeneza upya, akawapita watu waliokuja na magari mapya ya viwandani.

Tujifunze nini? Gari la zamani si gari bovu, na fundi wa hapa si fundi wa chini. Tena katika matope hashindi mwenye mbio. Hushinda yule ambaye gari lake limebaki zima. Nasi hatushindani na mtu. Ushindi wetu ni kufika kazini na kurudi nyumbani.

UTARATIBU WA KAZI

Kosa la vijana wengi ni kuanza na mambo ya kuonekana. Mtu hununua taa sita za mbele, rimu pana, na bomba la moshi la kelele, na huku mafuta ya breki ni yale ya miaka minane. Nasema hivi: anza na kile kitakachokuua, kisha kile kitakachokukwamisha, kisha kile kitakachokusumbua. Rangi ije mwisho, kama fedha zitabaki.

Mwenye siku moja tu ya mapumziko kwa juma aanze Januari, wakati wa jua. Siku nane zikitumiwa vizuri zinatosha kulimaliza gari kabla ya mvua za Machi. Ila asifungue vitu viwili vikubwa kwa siku moja. Funga hiki, kijaribu, ndipo ufungue kile.

USALAMA WA UANI

Kabla ya spana, tuzungumze juu ya uhai. Jeki ni chombo cha kuinulia, si cha kushikilia. Usiingize kichwa chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Weka stendi za chuma, au magogo mapana ya mti mgumu. Mawe ya kujengea na matofali hayafai. Hupasuka ghafula bila kutoa habari. Weka vizuizi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, kisha lisukume gari kwa mkono uone kama limetulia. Tena usifanye kazi peke yako. Mtoto wa kukupa spana ni mtoto wa kuita msaada pia.

Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa kwa sababu ya baridi au mvua. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu huona usingizi tu, akalala asiamke. Jiko la makaa ndani ya banda lililofungwa lina sumu hiyohiyo. Na vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo, maana viatu vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, nayo huharibu mapafu. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, ukitupe.

BREKI NA USUKANI

Siku ya kwanza na ya pili ni za breki. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani, hata kama hayavuji. Aina iitwayo DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Ikiisha kunywa maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Sasa fikiri mteremko wa Tambach, gari limejaa watu, mguu uko kwenye breki kilomita baada ya kilomita. Mafuta yakichemka huwa povu, na pedali huzama mpaka chini kama unakanyaga sponji. Kwa hiyo badilisha mafuta yote, si kuongeza tu, na ufanye hivyo kila baada ya miaka miwili. Tazama paipu za mpira. Zilizopasuka au kuvimba zitupwe. Paipu za chuma zilizo na kutu zibadilishwe, zisipigwe kiraka.

Kisha usukani. Inua mbele, shika gurudumu juu na chini, litikise. Kisha kushoto na kulia. Likicheza, tafuta kama ni beringi au ni viungo vya usukani. Viungo hivi havitengenezeki kwa nyundo. Nunua vipya. Hapa ndipo fedha yako ya kwanza iende, hata kama gari litabaki na rangi ya kubabuka.

MAJI NA UMEME

Gari nyingi za zamani hazizimwi na matope, huzimwa na maji kidogo tu kwenye umeme. Fungua kifuniko cha distribyuta. Kikiwa na ufa mwembamba kama unywele, kibadilishe, maana unyevu huingia humo na moto wa plagi hupotelea humo. Waya za plagi zilizokauka na kupasuka ni hivyohivyo. Mafundi wa Safari waliifunika distribyuta kwa mpira, na wewe unaweza kufanya hivyo kwa glavu ya mpira iliyokatwa vizuri na kufungwa, mradi isiguse kitu cha moto.

Betri iliyochoka hujificha wakati wa jua na hujitangaza asubuhi ya baridi. Baridi huipunguzia nguvu, na mafuta ya injini yaliyoganda huifanyisha kazi zaidi. Vichwa vyake visafishwe kwa maji ya moto, vipakwe grisi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi, injini ikizunguka yafaa ifike kati ya 13.8 na 14.4. Isipofika, tazama mkanda wa feni na alteneta kabla ya kununua betri nyingine. Wengi hununua betri mbili kwa mwaka, na kosa lilikuwa mkanda uliolegea. Na usisogeze sigara wala kiberiti karibu na betri inayochajiwa. Hewa yake hulipuka.

Taa za ukungu zinafaa, lakini mbili zinatosha, nazo zifungwe chini, zielekee chini. Ukungu hurudisha mwanga mkali machoni pako kama ukuta mweupe, kwa hiyo taa za juu hazisaidii. Waya za taa hizo zipite kwenye fyuzi na rilei. Asiyeweka fyuzi anafunga moto ndani ya gari lake.

Vioo vinavyofifia kwa mvuke ni hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Gari nyingi za huku zilikatwa mipira ya hita zamani, kwa kuwa wenyewe walisema Afrika ni joto. Timboroa saa kumi na moja alfajiri si joto. Rudisha mipira miwili ile kutoka kwenye injini, usafishe rejeta ndogo ya hita, na feni yake. Asiyeweza hilo apake kioo kwa ndani sabuni kavu kidogo au kiazi kibichi kilichokatwa, akifute, mvuke utapungua. Mipira ya waipa ibadilishwe kila mwaka. Ni kitu cha bei ndogo.

INJINI JUU YA MLIMA

Hapa Eldoret hewa ni nyepesi kuliko Mombasa, karibu sehemu moja katika tano imepungua. Injini ya kabureta iliyotengenezwa kwa nchi za chini hupata petroli ile ile kwa hewa kidogo. Matokeo yake ni plagi nyeusi, moshi mweusi, na petroli kuisha upesi. Dawa ni kuweka jeti ndogo kidogo, kisha kusogeza mbele moto wa plagi nyuzi chache, polepole, ukisikiliza injini isigonge inapopanda. Nguvu iliyopotea kwa sababu ya kimo haitarudi yote, na mtu asikuuzie dawa ya chupa kwamba itarudi. Akiteremka kwenda Mombasa na mipango hii, aangalie plagi zake, maana huko hewa ni nzito na petroli itakuwa kidogo mno.

Maji nayo huku huchemka mapema, kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Ndiyo sababu kifuniko cha rejeta chenye springi nzima ni cha lazima. Kazi yake ni kuyabana maji yasichemke. Kifuniko kilicholegea kimeua injini nyingi zilizodhaniwa zina ugonjwa mkubwa.

Sasa nasema jambo litakalowaudhi baadhi ya mafundi. Tabia ya kuitoa themostati na kuitupa haifai. Husemwa kwamba inazuia maji na nchi ni ya joto. Lakini injini isiyo na themostati katika baridi yetu haipati joto lake. Hula petroli, mafuta yake huchafuka kwa petroli isiyoungua, na kuta za silinda huisha. Kama gari linachemka, tafuta sababu: rejeta iliyoziba, mkanda, feni, gasketi. Weka na dawa ya rejeta badala ya maji matupu ya mtoni, kwa sababu huzuia kutu ndani ya injini.

Tena petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu kufikia mwaka 2006. Injini za zamani kabisa, ambazo makao ya vali zake ni laini, zilitegemea risasi ile. Basi vali zipimwe mara kwa mara. Nafasi ikizidi kupungua, vali inazama, na kichwa cha injini kipelekwe kwa fundi wa mashine akaweke makao magumu.

MAGURUDUMU, SPRINGI NA KUINUA GARI

Tairi pana ni la lami na la kujionyesha. Katika matope tairi jembamba lenye meno hukata mpaka likafika chini penye ugumu. Usitazame meno tu. Tazama na umri. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka. Tairi la 1416 liliundwa juma la 14 la mwaka 2016. Mpira wa zamani huwa mgumu kama pembe, na kwenye lami yenye maji hauna mshiko hata kama meno yamesimama. Meno yakipungua chini ya milimita 3, usiingie nalo masika.

Kuinua gari ndiko vijana wengi wanakotaka kufika. Kuinua kidogo, sentimita 3 au 4, kwa springi ngumu zilizotengenezwa na shokomzoba zinazolingana nazo, kunafaa njia zetu. Lakini kuweka vipande vya mbao au mpira kati ya koili, kuchomelea springi, au kuzipasha moto zinyooke, ni kujichimbia kaburi. Chuma cha springi kikipashwa moto hupoteza ugumu wake, na huvunjika siku ambayo hukuitazamia, mara nyingi kwenye kona. Na kila unapoliinua gari, huwa jepesi zaidi kupinduka. Afadhali uweke bamba la chuma chini ya injini kulikinga na mawe, ukiacha matundu ya matope kutoka na ya kufungulia mafuta. Bamba hilo litakusaidia kuliko sentimita kumi za kujivunia.

Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama 504 au Datsun za zamani, huteleza kwa kuwa nyuma ni nyepesi. Mfuko wa mchanga wa kilo 50 ndani ya buti husaidia, na mchanga wenyewe hutumika ukikwama. Gari la kusukumwa mbele halihitaji mzigo huo. Minyororo ya magurudumu inafaa kwa udongo mweusi. Asiyeipata afunge kamba ngumu za katani kuzunguka tairi kupitia matundu ya rimu, akihakikisha hazigusi paipu ya breki. Upepo wa tairi ukipunguzwa hadi 18 badala ya 28 au 30, gurudumu hushika zaidi. Lakini beba pampu, na uujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Vitu vya kubeba ni vichache: sepeto, kamba, ubao wa kuwekea jeki, tochi, na pampu.

KUTU NA MAFUTA MACHAFU

Inua mikeka utazame sakafu. Vijitundu vya chini ya milango vizibuliwe, maji yatoke. Kutu ikatwe, chuma kipya kichomelewe. Lakini usichomelee karibu na tangi la petroli. Tangi litolewe, lipelekwe mbali. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke hulipuka kuliko petroli yenyewe.

Mafuta machafu ya injini yasimwagwe kwenye mtaro. Mtaro huo huishia mto Sosiani, na mto huo watu wa chini wanafulia na kunyweshea mifugo. Yakusanywe kwenye mtungi, yapelekwe kwa wanaoyapokea.

MAJI YA NJIANI

Hata gari zuri kuliko yote halishindani na mto. Maji yanayokwenda kwa nguvu, yenye kina cha sentimita 30 tu, huweza kulielea gari dogo, na sentimita 60 huyachukua magari mengi. Tarehe 4 Desemba mwaka 2021 basi lililobeba wanakwaya liliingia mto Enziu huko Mwingi, na watu zaidi ya 30 walikufa. Basi lile lilikuwa zito mara nyingi kuliko gari lako. Ukikuta maji yanapita juu ya daraja, simama. Kuchelewa kazini kuna barua ya onyo, na barua hiyo chama kitakusaidia kuijibu. Kaburi halina rufani.

Ukipita maji madogo yaliyotulia, ukitoka kanyaga breki kidogo kidogo huku unakwenda, zikauke.

SHERIA NA HAKI

Ukibadilisha injini au rangi, yafaa uarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama ili cheti cha gari kilingane na gari lenyewe. Ukibadilisha springi au injini, mwarifu na mtu wa bima kwa maandishi. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa sheria, na kampuni inayotafuta sababu ya kutolipa isipewe sababu hiyo na wewe.

Na sasa neno kwa wale wanaoendesha magari ya waajiri. Haya niliyoyasema yote juu ya breki na usukani ni kipimo chako pia kwa lori la kazini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake mara moja aonapo hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha penye hatari hiyo kabla hajairekebisha. Dereva anayejua kutofautisha pedali laini na pedali ngumu hasemi, "Naogopa gari hili." Anasema, "Paipu ya breki ya nyuma kushoto inavuja," anaandika, anatia tarehe, anabaki na nakala. Maneno ya namna hiyo ni magumu kuyapinga. Basi ujuzi huu wa uani ni silaha ya chama vilevile.

SANDUKU LA VYOMBO

Mtu mmoja hawezi kununua jeki ya magurudumu, stendi nne, spana kamili, mita ya umeme na mashine ya kuvutia beringi. Watu kumi wanaweza. Kila mmoja akitoa shilingi 200 kwa juma, kwa majuma 12, zitapatikana shilingi 24,000. Vyombo vikae mahali pamoja, viandikwe kwenye daftari, anayechukua atie sahihi, anayepoteza alipe. Tena watu hao kumi watakuwa na mikono ishirini. Injini ambayo mtu mmoja huitoa kwa siku mbili kwa hatari, watu wanne huitoa asubuhi moja kwa salama. Naomba kikundi cha namna hiyo kianze hapa leo, na wanaotaka waandikishe majina kwa Bwana Katibu kabla ya kutoka.



MASWALI YALIYOULIZWA

Swali: Mimi nina gari lakini sina fedha ya yote uliyoyataja. Nifanye lipi moja?
Jibu: Mafuta ya breki, ndugu, na viungo vya usukani kama vinacheza. Usipoweza hata hayo, liache gari nyumbani masika haya, upande matatu. Si aibu.

Swali: Fundi wangu amesema springi zikipashwa moto kisha zikatiwa maji hurudi ugumu. Je, ni kweli?
Jibu: Kiwandani hufanywa kwa tanuri lenye kipimo cha joto. Uani hatuna kipimo hicho. Mwulize fundi kama yuko tayari kukaa kiti cha mbele mkiteremka Tambach.

Swali la mama mmoja: Sisi wake zenu hatuendeshi, lakini tunapanda. Tutajuaje kama gari liko salama?
Jibu: Mama, swali lako ndilo kubwa kuliko yote. Kabla ya kupanda, tazama tairi nne, mwambie akanyage breki na utazame taa za nyuma, kisha umwulize ni lini alibadilisha mafuta ya breki. Asipokuwa na jibu, teremsha watoto.